Runi za Steinvor na Suruali ya Mchungaji

Kijijini kwetu Kambsvik, huku Aislandi, hakuna mtu ambaye hajafokewa na Steinvor Audunsdottir. Yeye ndiye msimamizi wa bwawa la kuogelea, na ukijaribu kuingia kwenye maji yake ya moto bila kujisugua kwanza kwa sabuni, uwe mvuvi, uwe mwalimu, uwe mgeni aliyeshuka melini, utasikia sauti ikipenya ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo: "Kwapa! Kwapa hujagusa!" Ana mabega ya mpiga makasia, nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja, na kicheko ambacho mumewe Ormar, fundi wa mashine za boti, anaapa kwamba hukisikia mpaka gatini.

Hadi alipokaribia miaka sitini, Steinvor alikuwa Mkristo kama sisi wengine, yaani alikwenda kanisani Krismasi, Pasaka, na watu wanapokufa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: akikaa kwenye benchi la kanisa, anasinzia. Ormar huimba besi kwenye kwaya, na kutoka kule juu alikuwa akikitazama kidevu cha mkewe kikishuka taratibu kama bendera jioni.

Kisha mpwa wake akafunga ndoa huko kusini kwa dini ya kale, ile ya akina Odin na Thor. Ndoa ilifungwa uwanjani, mvua ya theluji ikiwachapa, watu wamesimama wakipokezana pembe la ng'ombe lililojaa bia. Baridi ile haikumpa mtu nafasi ya kusinzia.

"Nimesikia maneno ya ndoa kwa mara ya kwanza mpaka mwisho," alituambia aliporudi, sote tumezama hadi shingoni kwenye kidimbwi cha maji ya moto. "Hata ya kwangu mwenyewe sikuyasikia yote."

"Uliponikubali ulikuwa macho?" Ormar akauliza.

"Kwenye 'ndiyo' nilikuwa macho. Baada ya hapo sikumbuki."

Mwezi uleule akajiandikisha katika dini ya kale. Tulidhani ni upepo wa kupita. Lakini Steinvor hakufurahia dini ya kufanya karamu mara nne kwa mwaka na kurudi nyumbani. "Hiyo ni dini ya likizo," alisema. "Mimi nataka ya wiki nzima, ya kufanyia kazi." Akaanza na siku. Sisi Waaislandi siku zetu tumezipa namba, ya tatu, ya tano, kwa sababu askofu mmoja wa zamani hakutaka watu wawe wanataja miungu kila wakipanga safari ya kwenda sokoni. Wenzetu wa Norwe na Denmark majina yao wanayo hadi leo. Steinvor akasema mwacha asili ni mtumwa, akamrudishia kila mwenye siku siku yake.

Jumanne ikawa ya Tyr, aliyetia mkono wake kinywani mwa mbwa mwitu uwe dhamana ya neno. Kwa hiyo Jumanne ni siku ya ahadi: kila alichoahidi anakitimiza, na anachoahidi siku hiyo hakivunji. Jumatano, siku ya Odin aliyetoa jicho lake apate maarifa, anajifunza jambo jipya. Alhamisi ni ya Thor na nyundo yake, basi Steinvor anatengeneza kilichovunjika, na kama hakuna kilichovunjika, Ormar anasema, anakivunja. Ijumaa ni ya Freyja, siku ya mapenzi.

"Hiyo ya Ijumaa mimi sina pingamizi," Ormar alituambia kidimbwini, uso mwekundu, na haukuwa wekundu wa maji ya moto peke yake. "Wenye kanisa na waseme watakayo."

Jumamosi haikuhitaji kurudishwa, maana kwetu jina lake tangu hapo ni siku ya kuoga.

Aliyekereka ni binti yao Yrsa, anayeishi Akureyri na mumewe. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike majira ya vuli, akataka abatizwe Kambsvik, kwenye kanisa alilobatiziwa yeye. Wakwe zake wangekuja wote, pamoja na mama mkwe, Ingveldur, mwanamke wa kofia na glavu aliyewahi kuongoza shule, ambaye Yrsa alikuwa bado anamwogopa kidogo. Akampigia simu mama yake Jumanne makusudi.

"Mama, utakuja kanisani?"

"Mjukuu wangu anapewa jina, nisije?"

"Utakaa mpaka mwisho?"

"Nitakaa."

"Hutasinzia. Na humtaji Thor mbele ya Ingveldur."

Steinvor alituambia baadaye kwamba lilimchoma, kuona mwanawe anamwonea haya. "Leo ni siku ya Tyr," akasema. "Naahidi."

Sasa, wakati uleule, namba za makabati ya nguo pale bwawani zilikuwa zimebanduka kwa mvuke. Ni makabati yasiyo na kufuli, kwani huku nani atamwibia nani suruali? Halmashauri ilikuwa imeahidi vibao vipya, lakini halmashauri haina siku ya Tyr. Steinvor, ambaye Jumatano zake zote alikuwa akijifunza runi, yaani zile herufi za kale za kuchonga, akaona ufumbuzi umejileta. Alhamisi moja akakata vibao vya mbao, akavichoma kwa chuma cha moto, kila kimoja na runi yake, akavipigilia makabatini. Kabati la barafu, kabati la farasi, kabati la jua, la mvua ya mawe, la Tyr, la maji.

Wanawake tulivipenda palepale. Kila mtu alichagua cha kwake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kabati la mwenzake. Wanaume walinung'unika. Shida ni kwamba runi ya Tyr ni mstari uliosimama wenye matawi mawili yaliyoinama, kama mshale, na runi ya maji ni mstari uleule wenye tawi moja. Mtu mwenye miwani anaona tofauti. Lakini nani anaoga na miwani?

Asubuhi ya Jumamosi ya ubatizo, Mchungaji Hjalti alikuja kuoga kama kawaida yake. Alitundika nguo zake kwenye kabati la Tyr. Thorgils, mvuvi wa boti ndogo, naye alikuja kulowesha mgongo wake mbovu kabla ya kwenda kuvuta kamba za ndoana, akatundika kwenye kabati la maji. Thorgils akatoka wa kwanza. Alikuwa na haraka, kwa sababu upepo ulikuwa umetulia na utabiri ulisema hautatulia kwa muda mrefu. Akavaa, akaondoka.

Hazikupita dakika nyingi tukasikia sauti kutoka upande wa wanaume.

"Steinvor! Hii si suruali yangu!"

"Itakuwaje si yako?"

"Inaishia hapa!" Mchungaji akatokea mlangoni. Yeye ni mrefu, na Thorgils ni kipande cha mtu. Suruali ilikuwa imeishia katikati ya miundi. Duka Kambsvik ni moja, suruali nyeusi ni za aina moja, kilichowatofautisha wawili wale ni miguu. Wanawake tuliokuwa kwenye kahawa pale mapokezi tuligeuka kutazama ukuta, mabega yakitutetemeka.

"Basi utakwenda nyumbani ukavae nyingine," Steinvor akasema, akijikaza asicheke.

"Si suruali, Steinvor. Ufunguo wa kanisa uko mfukoni mwa ile yangu."

Hapo kicheko kikakatika. Ufunguo wa akiba ulikuwepo, ndiyo, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya kanisa. Kanzu ya mchungaji ilikuwa ndani ya kanisa. Bakuli la ubatizo lilikuwa ndani ya kanisa. Ormar akakimbilia redio ya gatini, akampata Thorgils amekwisha kutoka mdomoni mwa ghuba.

"Thorgils, umevaa suruali ya nani?"

"Yangu. Kwa nini unauliza? Nilihisi imerefuka. Nikadhani labda mimi ndiye nimefupika, na huu mgongo."

"Tia mkono mfukoni."

"Kuna ufunguo mkubwa... Lo! Nilifikiri wa stoo ya chambo. Ormar, siwezi kurudi sasa, kamba ziko majini. Nitafika jioni."

Wageni walikuwa wamekwisha kufika kanisani na kukuta mlango umefungwa, na kwa kuwa huku mtu akipotea anatafutwa bwawani, wote wakaja bwawani. Yrsa akaingia na mtoto mikononi, kanzu nyeupe ya ubatizo ikining'inia hadi magotini mwake. Akamtazama mchungaji, kisha suruali, kisha vibao vya runi vilivyobaki mezani. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mama," akasema, na sauti ikamvunjika. "Siku moja. Nilikuomba siku moja tu."

Steinvor, ambaye hufokea kijiji kizima, alisimama pale na fulana yake ya kazi, filimbi shingoni, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nakuja kukaa mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa nimelala mapema jana ili nisisinzie."

Hapo Ingveldur, yule mama mkwe wa kofia na glavu, akavua glavu moja, akausogelea mlango wa kioo, akatazama nje. Theluji ilikuwa ikidondoka polepole juu ya bwawa, mvuke ukipanda kukutana nayo.

"Mchungaji," akasema, "mtoto akibatizwa kanisani, maji huwa ya moto au ya baridi?"

"Ya uvuguvugu, Ingveldur, ukibahatika. Kwa kawaida ya baridi."

"Wanangu wote wanne walilia mpaka nikaona aibu. Hapa naona maji ya moto yasiyo na mwisho. Tunangoja nini?"

Mchungaji Hjalti akamtazama Yrsa. Yrsa akamtazama mumewe, mumewe akamtazama mama yake, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpinga Ingveldur, mambo yakaamuliwa. Watoto kwetu hubatizwa hata sebuleni. Mungu hana ugomvi na mahali.

"Nahitaji bakuli," mchungaji akasema.

Steinvor akaenda kwenye chumba chake, akarudi na bakuli la mti, jeusi kwa umri, limechongwa ukingoni.

Mchungaji akaligeuza. "Hili hutumika kwa nini?"

"Kwa bia ya Thor." Akajiziba mdomo, akamtazama binti yake.

"Linaoshwa?"

"Kila Jumamosi. Kwa sabuni."

"Basi ni safi kuliko letu," mchungaji akasema. Akainama, akachota.

Tukasimama wote kando ya kidimbwi cha moto, kwenye theluji, wengine na makoti, wengine na taulo. Mchungaji alikuwa na sweta ya sufu na suruali ya Thorgils, miundi yake myeupe ikiwaka kama mishumaa. Steinvor alisimama mbele kabisa, wima, macho makavu sasa, na hakupepesa hata mara moja. Ormar aliimba zaburi peke yake, kwaya nzima ikiwa kifuani mwake. Maji yalipomgusa kichwani, mtoto hakulia. Alifumbua macho, akapiga chafya, akatabasamu, au ndivyo tulivyokubaliana baadaye.

Kwetu jina la mtoto huwa siri mpaka dakika ile. Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Kristrun," Yrsa akajibu.

Lilikuwa jina la bibi wa Ingveldur, lilichaguliwa tangu mtoto akiwa tumboni, na hakuna aliyekuwa amelitafakari zaidi ya hapo. Lakini mchungaji na Steinvor walitazamana kwa wakati mmoja.

"Krist," akasema mchungaji.

"Run," akasema Steinvor.

Ingveldur ndiye aliyeanza kucheka. Yrsa akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka ikabidi mumewe ampokee mtoto. Kisha akamwendea mama yake, akaegemeza kichwa begani kwake. Sikusikia walichosemezana.

Kahawa ilinywewa nyumbani kwa Steinvor, na mikate bapa yenye nyama ya kondoo ya moshi, na chapati nyembamba za maziwa zilizojazwa jemu. Jioni Thorgils akabisha hodi, ananuka samaki, suruali ya mchungaji imekunjwa chini mara tatu, ufunguo umeshikwa juu kama samaki wa kujivunia. Alipewa chapati zilizobaki, na kidole cha mtoto akishike, baada ya kunawa.

Halmashauri ilileta namba zake wiki zilizofuata, kwa kasi isiyowahi kuonekana. Upande wa wanaume zikapigiliwa. Upande wetu fundi alifika mlangoni akakuta bibi mmoja wa miaka themanini ameegemea kabati lake. "Mimi ni farasi," akamwambia, "na sigeuki kuwa kumi na nne." Fundi akarudi na namba zake.

Jumatano sasa Steinvor anatufundisha runi sisi wanawake, baada ya kuogelea. Tumekuwa hodari. Kioo kikubwa cha mapokezi kikijaa mvuke tunaandikiana kwa kidole: nani kavunja uchumba, nani kanunua gari asiloliweza, mume wa nani ananyoa mgongo. Wanaume wanapita wakitazama, hawaambulii kitu. Isipokuwa nina wasiwasi na Mchungaji Hjalti. Juzi alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu mno kwa mtu asiyejua kusoma runi, na alipoondoka masikio yake yalikuwa mekundu.