Elema na Moshi wa Bure

Elema alirudi Isiolo mwaka wa 1979 akiwa na sanduku la bati na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia joto linalopotea. Miaka yote ya baharini kazi yake ilikuwa kupaka mafuta injini za meli, na alitueleza, tutake tusitake, kwamba moshi wa meli hauachwi uende zake. Unapitishwa kwanza kati ya mabomba ya maji, maji yanatoa mvuke, mvuke unapasha mafuta mazito na maji ya kuoga, na injini haiongezewi hata tone la mafuta. Sisi tulikuwa tumepeleka mahindi. Tulitaka unga.

Mashine ya kusaga pale Chechelesi ilikuwa yake, na kando yake mkewe, Habsa, aliuza chai. Kuni zilikuwa zimemchosha Habsa. Basi Elema akalipitisha bomba la moshi wa mashine katikati ya pipa la maji, akalichomelea vizuri, ncha ikatokea uani. Akisaga, maji yanachemka.

"Hii ikishindwa," Habsa alimwambia mbele yetu, "utaenda Kulamawe kuchunga ngamia ya ndugu yangu. Mimi nimechoka na maneno ya meli."

Elema aliogopa ngamia kuliko dhoruba, na hakuona haya kusema hivyo.

Siku ya kwanza tulijaa pale. Marete, muuza miraa, akapiga funda la kwanza, akauliza kama hii ni chai ama ni lori. Mimi niliitema. Ilikuwa dizeli tupu, na nilikasirika, maana nilikuwa na njaa.

Elema akaonja maji ya pipa: safi kabisa. Akaonja maziwa, akakunja uso. Halafu akatazama uani. Mama mkwe wake, Abiba, alikuwa ameketi penye ncha ya bomba, akiifukiza gorfa yake, chombo kile kile cha maziwa ya chai yetu. Kila mama wa Kiborana hufukiza chombo kabla ya kutia maziwa, kwa kuni ya ejersa, ule mti wenye moshi mtamu. Abiba alikuwa ameona moshi wa bure.

Sasa, mkwe mwenye adabu hamsemeshi mama mkwe, sembuse kumshtaki. Elema aliingia ndani, akatoka na sanduku lake la bati, tayari kwa safari ya Kulamawe. Nilimwonea huruma sana, hata njaa nikaisahau.

Abiba akainusa gorfa. Akainusa tena. Akamwita binti yake, ingawa Elema alikuwa amesimama hapo hapo.

"Habsa, mwambie bwana yako arudishe sanduku. Maji yake iko sawa. Moshi ndiyo mbaya, na mambo ya moshi mimi najua." Akaifuta gorfa kwa leso. "Mwambie hiyo injini yake aache kuilisha mafuta. Ailishe ejersa."

Habsa akamgeukia mumewe, akafikisha ujumbe wote bila kucheka. Elema, mtu wa injini za meli, akainamisha kichwa.

"Mwambie mama nimesikia," akasema. "Nitajaribu."