Mfalme Mbuzi Katika Nyumba ya Eda

Mamangu alipokaa eda ya babangu, mimi ndiye niliyekuwa karibu kuingia wazimu. Tangu mazishi hakutoa chozi, wala hakula cha maana. Akikaa kitandani na tasbihi yake, mahamri yakipoa, mbaazi zikiganda. "Mama, kula japo kidogo." "Nimeshiba." Kwa kitu gani, jamani? Nikawa nazunguka chumbani, nafungua dirisha, nalifunga, naogopa nitamzika na yeye.

Alasiri moja binti yangu mdogo akawasha televisheni ya mle chumbani bila ruhusa. Filamu ya kuchekesha: mfalme kageuzwa mbuzi na bado ataka heshima zake, malkia amkimbiza sokoni na taji mkononi. Mtoto akaangua kicheko. Niliruka! Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Jirani akipiga chafya, sisi ndio twamwombea rehema. Kicheko katika nyumba ya eda? Tungesemwa mpaka mtaa wa Majengo. Nikaiondoa sauti yote, mtoto akanuna.

"Asemaje huyo mbuzi?"

Alikuwa mamangu, nyuma yangu.

"Sijui, mama. Niizime?"

"Ebo! Niache nitizame."

Mbuzi alikuwa kapanda juu ya meza ya karamu, anusa birika. Mamangu akakaza sauti, ikawa nzito: "Chai gani hii? Waniletea maji ya kuoshea vikombe?"

Wallahi, babangu huyo! Ndiyo maneno yake ya kila asubuhi. Mtoto akachekea zile pembe, mimi nikamchekea baba, nimejiziba mdomo kwa leso na sikio liko dirishani. Mama hakukoma. Mbuzi akalalamika kanzu haikupigwa pasi, akalalamika samaki ana miiba. Huku mama akamega hamri, akatafuna bila kujijua. Sikuthubutu hata kumtazama, nisije nikamgutusha.

Halafu mbuzi akaparamia mkokoteni wa farasi, huyoo, akaenda zake. Malkia akabaki peke yake njiani, midomo yamcheza.

"Na malkia asemaje, Bibi?" mtoto akauliza.

Mamangu akakisogelea kioo cha televisheni.

"Amwambia, 'Mbona hukuningoja?'"

Ndipo akalia, kwa sauti, na mtoto akampandia mapajani.