Gramu za Karani

Kila Jumamosi alfajiri karani wa masijala hupima vitu vyake vya safari ya baiskeli kwenye mizani ya jikoni: funguo, simu, hata leso. Pampu na viraka vilikataliwa zamani kwa kosa la uzito. Kisha huvaa kaptura ya kubana inayolichora tumbo bila huruma, akainama juu ya usukani mpaka magoti yagonge tumbo hilo, maana kwake adui ni upepo.

Jumamosi iliyopita alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba angefika Njoro wa kwanza. Katikati ya mlima gurudumu likapata pancha, nao wakampita wakimpungia mkono. Mchuuzi wa maziwa akasimama na baiskeli yake ya chuma, mitungi mitupu ikining'inia ubavuni.

“Huna pampu, boss?”

“Ni mzigo.”

Mchuuzi akalitazama lile tumbo. “Basi panda keria hapa nyuma.”

Karani akapanda, baiskeli yake begani, kichwa amekiinamisha kukwepa upepo. Walipofika Njoro, wenzake wakiwatazama, akauliza kwa sauti, “Umesikia vile baiskeli yangu ni nyepesi?”

“Hiyo sijaisikia, boss,” akasema mchuuzi, akijipangusa jasho. “Nimekusikia wewe.”