Kompyuta Iliyochangamka Jumamosi

Sisi tuliokulia Kilosa enzi zile tunajua kwamba hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi sebuleni. Redio ilivalishwa kitambaa, televisheni ikavalishwa, makochi yakavalishwa mgongoni na mikononi, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake yenye shanga. Mama alifuma vyote kwa mkono wake, jioni, huku sisi tukicheza rede uani mpaka miguu inageuka rangi ya vumbi. Ukimwambia mtoto wa leo kwamba tulichapwa kwa kukalia kitambaa cha kochi, anadhani unamtungia hadithi.

Kisha soko huria likafunguliwa, bidhaa zikamwagika. Baba alikuwa karani wa stesheni. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika daftarini treni imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi. Alipopunguzwa kazini, wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mashamba kule Msowero. Yeye akaenda Mikumi, akarudi na kompyuta ya mezani iliyotumika, kutoka loji moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Aliizungushia blanketi, akaiachia siti yake kwenye basi, akasimama mwenyewe mpaka Kilosa.

Majirani walikuja kuitazama, tukawapa chai na mihogo ya kuchemsha. Wiki haikuisha Mama naye akaivalisha. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye waridi kila kona, na kwa ndani akashonea bitana ya satini ili vumbi lisipenye. Kilifunika boksi lote la mashine, mbele mpaka nyuma, kikaacha tundu la kupitisha kidole cha kuwashia. Tuliona fahari sana.

Wakati huo dada yangu Rehema alikuwa amemaliza kidato cha nne, naye aliitwa Mikumi kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii. Angesomewa barua na kuichapa papo hapo, bila makosa. Alibakiwa na wiki sita za mazoezi. Kila siku akimaliza vyombo alikaa mbele ya mashine, mimi nikimsomea maneno. Mwanzoni herufi zilikimbia vizuri. Baada ya nusu saa anabonyeza, herufi haitoki. Anabonyeza tena, zinatoka tatu kwa mpigo. Neno "wageni" likawa na e tatu. Rehema aliamini kosa ni lake.

"Vidole vyangu vizito," alisema siku moja, machozi yakidondokea kibodi. "Siendi Mikumi kujiaibisha."

Baba alihangaika. Kwanza alisema umeme ni mdogo, akaazima stabilaiza. Halafu akasema ni virusi, akafuta mchezo wa karata tuliokuwa tukiugombania, tukanuna siku mbili. Mwisho akaita fundi kutoka Mikumi. Tulimwamkia shikamoo kwa zamu, akavua kitambaa, akakikunja taratibu kwenye kochi, akafungua boksi na kupuliza vumbi. Mashine ikakimbia mchana kutwa.

"Mzee, hii haina tatizo," alisema. Hata hivyo akatuwekea programu ndogo iliyoonyesha kasi ya prosesa pembeni mwa skrini, akatueleza kwamba prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Alipoondoka, Mama akaivalisha upya. Kesho yake ilikuwa inajikokota tena.

Hapo ukarani wa Baba ukaamka. Alitoa daftari, akavaa miwani ya kazini, na kila nusu saa akawa anaandika kasi kama alivyoandika treni zilizotoka Kidete. Saa tatu, kasi kamili. Saa tatu na nusu, imechelewa. Wiki mbili baadaye alitusomea daftari zima mezani, tukila ubwabwa. Mashine ilichoka kila siku isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ilikwenda kutwa nzima bila kushuka.

"Labda kwa kuwa maofisi yamefungwa," Baba alisema, "umeme unatutosha."

Mama aliacha kula. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kufua vitambaa, kuvitia wanga na kuvianika mpaka jioni. Aliinuka, akaingiza mkono chini ya bitana, upande wa nyuma kwenye feni, akautuliza pale kama alivyozoea kutushika paji la uso.

"Baba Rehema, hii ina homa," alisema. "Tumeiziba pumzi."

Kitambaa kikavuliwa, na baada ya muda namba zikaanza kupanda. Fundi alipopigiwa simu alieleza kwamba prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Nasi tulicheka. Mama hakucheka. Alikikunja kitambaa chake, akaenda kusimama mlangoni mwa jikoni, Rehema alipokuwa akikwangua sufuria.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Umelia siku zote hizi, kumbe ni mimi."

Enzi zetu mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Akikukosea, alikuongezea kipande cha nyama kwenye sahani, nawe ukaelewa. Rehema alichanganyikiwa, akapiga goti na kusema "Shikamoo Mama," ingawa alishamwamkia tangu asubuhi. Kisha wakakumbatiana, mikono ya Rehema ikiwa na masizi.

Baada ya hapo alifanya mazoezi kila siku kwenye mashine isiyovaa kitu, na siku ilipofika akapanda basi la Mikumi. Alirudi jioni anacheka peke yake. Kazi aliipata.

Leo nyumbani kwangu samahani ni nyingi. Naomba asubuhi nikichelewa kuwapeleka watoto shule, naomba jioni nikiwa nimeinamia simu, nao hunijibu "poa mama" bila kuinua macho, halafu wanapiga kelele kwa sababu video imeganda sekunde mbili. Siwalaumu, ni raha kukua ukiombwa radhi. Ila juzi nilimuuliza Rehema ile barua ya usaili ilisema nini. Hakumbuki hata neno moja. Maneno ya Mama anayakumbuka yote, na mahali aliposimama.