Kidole Gumba cha Bibi Mifugo

Siku ya kwanza Ndalahwa alipomwona bibi mifugo wa serikali, kwenye mnada wa ng'ombe wa Nkololo, mwanamke huyo alikuwa ameingiza kidole gumba ndani ya mdomo wa fahali, akitafuta vidonda vya sotoka, gonjwa linalomaliza zizi zima. Kila ng'ombe aliyekuwa anapandishwa lori alimfunua mdomo hivyo hivyo, akanusa vidole vyake, kisha akavifuta kwenye gauni lake la kijani. Hakuwahi kupaza sauti. Wachuuzi walipomwambia, "Mayu, mama yetu, siku hizi soko huria!" alijibu, "Na sotoka ikipanda lori inakuwa huria pia."

Mwaka ule serikali ilipunguza wafanyakazi, naye akapewa barua ya kuachishwa kazi. Mnada uliofuata akaja vilevile, kwa miguu. Mchuuzi mmoja akamcheka: "Umepunguzwa, mama. Nani amekutuma?" Kidole hakikutoka mdomoni mwa dume ambalo Ndalahwa alikuwa amelileta kuuza. "Barua imenipunguza mimi, haikupunguza vidonda hivi. Lori hili haliondoki." Akaketi chini, mbele ya gurudumu.

Ndalahwa aliinamisha kichwa, akamweleza yote. Ndama wake walipoanza kutokwa machozi, dalili ya sotoka, alikuwa amefanya kama walivyofanya baba zake: wale walioonekana wazima akawagawa kwa ndugu, vijiji mbalimbali, wamtunzie. Mama yule alimtazama bila hasira.

"Haya, baba, aibu iache hapa. Nitajie kila ndugu uliyempa ng'ombe, niwafikie leo hii."