Kifaru cha Mahari

Tuliokuwepo sokoni Kamembe asubuhi ile ni hawa: mimi, mume wangu, dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, ambaye kwetu hakuna mahari iliyotoka bila yeye kuikagua, na kijana wetu wa pili, mwenye kuoa. Muuzaji alikuwa maman mmoja wa Bukavu, mwenye kuvuka na mitumba tangu mpaka ulipotulia. Majina yao yote ninayo, hata la ng'ombe, lakini siyaandiki. Wengine wako hai na wana midomo.

Baba wa msichana alisomea uinjinia kwa Warusi ujanani. Tulipopeleka posa alikubali ng'ombe, kisha akasema:

"Ng'ombe ni wa ukoo. Mimi mwenyewe mniletee kifaru cha vita, kizito, cha Warusi. Kile kidogo cha plastiki, cha kuunganisha. Na kiwe sahihi. Kikiwa cha uongo, binti anabaki."

Sisi vifaru vya kweli tulivisikia ng'ambo ya mto Rusizi miaka ile ya vita. Hatukujua kuna mtu anavitamani.

Basi yule maman alikuwa na maboksi mawili, yote yenye vifaru vizito vya Warusi. Kwenye picha, kimoja kilikuwa na mzinga mmoja mrefu mbele. Cha pili kilikuwa na minara mitano, mizinga imetokeza huku na huku. Wifi akafungua boksi, akapiga kelele.

"Weye maman! Hii ni vipande!"

"Njo vinakuyaka vile, vipande vipande, mama. Muntu anaunganisha mwenyewe."

"Nani anapelekea wakwe ng'ombe wa vipande? Hiyo ni nyama!"

Mume wangu akamkumbusha kuwa mzee mwenyewe ndiye aliyeomba cha kuunganisha. Wifi akatulia, akaanza kukagua kama tunavyokagua ng'ombe wa mahari. Akahesabu miguu, yaani magurudumu. Akapapasa mgongo kwenye picha, akatafuta makovu.

"Shangazi," kijana akasema, "mkwe anataka sahihi, hajasema mnene. Twende tumuulize ni kipi."

"Ukamuulize baba mkwe rangi ya ng'ombe?" mume wangu akamkata. "Atasema hatujui kuchagua, ataficha binti."

Wifi alikuwa amekwisha kuamua. "Hiki cha pembe moja kimevunjika au kinaumwa. Tunachukua cha pembe nyingi."

"Umechagua muzuri, mama," yule maman akasema upesi. "Hii hata ikianguka, inaangukia pembe."

Kijana alishika kichwa kama mtu aliyeibiwa.

Siku ya mahari ng'ombe alipita bila shida. Likaletwa boksi. Mzee akavaa miwani, akatoa vipande, akahesabu magurudumu, midomo ikisogea. Binti, ambaye alipaswa kufichwa, alikuwa ametoa pua kwenye mlango wa jikoni.

"Kila gurudumu liko sawa," mzee akasema. "Ni sahihi. Lakini mimi nilitaka kile cha mzinga mmoja. Hiki, chenyewe cha kweli, kilikuwa kinaharibika njiani kabla ya kufika vitani."

Kijana wangu akatazama viatu vyake. Msemaji wetu, mwanaume aliyejulikana kwa maneno, akaanza kuhesabu magurudumu upya. Ndipo wifi, ambaye hapo hakuwa na ruhusa ya kusema, akapaza sauti kutoka kwenye mkeka:

"Papa, kile cha mzinga mmoja tulikiona. Kwa msichana kama huyu, tulete pembe moja? Hatuna haya?"

Mzee alicheka mpaka miwani ikaangukia ndani ya boksi.

"Basi mchukueni. Lakini huyu kijana atakuja tukiunganishe pamoja. Akibandika mnara wa nyuma mbele, binti anarudi."

Kigelegele cha kwanza kilitoka jikoni. Alikuwa binti mwenyewe, na mama yake akamvuta ndani kwa kitambaa.

Kuna wanaosema mzee hakucheka, alikohoa. Ni kweli alikuwa na kifua, sikatai, ila mimi niliketi karibu naye. Kama ulikuwepo na unakumbuka vingine, njoo kwangu Rwimbogo unisahihishe. Nitakupa kiti.