Mawe Meupe ya Getini

Miaka ile biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa kila mtu, malori yalianza kupaki mbele ya geti la shule yetu pale Mazwi. Watoto walipotoka madarasani walipenya katikati ya matairi. Mimi mwalimu wa zamu niliwafokea madereva mpaka sauti ikakauka. Walinijibu, "Dakika moja tu, mwalimu," wakaenda kula.

Nikawatuma wanafunzi wakusanye mawe makubwa. Tukayapaka chokaa, tukayapanga mbele ya geti ili lori lisipate pa kusimama. Kesho yake madereva walinishukuru. Pale kuna mteremko, na breki za mkono za malori yale hazikushika. Sasa walikuwa wamepata mawe ya kuzuia tairi.

Niliyarudisha mahali pake kila asubuhi mpaka nikachoka. Siku moja, nikiwa mlangoni mwa ofisi, nilimsikia dereva akiita aletewe jiwe. Mtoto wa darasa la pili alilikumbatia moja, akakimbia nalo. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, kama nilivyomfundisha, kisha akaingia uvunguni mwa lori.